Mbegu za Mrenda Ndani ya Bahasha

Historia ya watu waliohamia Migori na Homa Bay kutafuta ardhi husimuliwa kwa majina ya wanaume. Utasikia ni mzee fulani aliyeuziwa na wenyeji, ni chifu fulani aliyempokea, ni kijana fulani aliyerithi na hatimaye akachukua hati. Hata ukienda katika jumba la Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, utakachokuta kwa wingi kuhusu iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini ni ripoti za wakuu wa wilaya, kesi za mipaka na malalamiko ya machifu. Mwanamke aliyefika na mzigo kichwani, akapewa jembe na kuonyeshwa kichaka, ni nadra kumsikia humo akisema neno.

Maneno yake yapo, na ya waliomzaa yapo pia. Haya ya waliomzaa yako Uriri, Suna, Rongo na Ndhiwa, kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, yamefungwa kwa uzi au kutiwa katikati ya kurasa za Biblia. Kwa miaka mingi, tangu kabla ya uhuru hadi simu za mkononi zilipoingia, jamaa walioachwa nyuma walikuwa wakiwaandikia barua mabinti zao walioolewa kwenye ardhi mpya, na naamini bila barua hizo maboma mengi ya huku yasingesimama. Nasema hivyo kwa sababu nilizisoma. Mama yangu alitoka Maragoli akaolewa Uriri, na mimi, mtoto wake wa kwanza kujua kusoma, ndiye niliyekuwa nikimsomea.

Wamaragoli hawakuja huku kwa kupenda safari. Kwao kumejaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 katika kaunti ya Vihiga, zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita mraba, na wengi wao ni watu wa vijijini. Baba mwenye wana wanne akigawa shamba, kila mmoja hupata mahali pa nyumba na migomba michache. Shida hii haikuanza jana. Wakuu wa mkoloni waliilalamikia katika ripoti zao, na kabla bendera ya uhuru haijapandishwa familia zilikuwa zimeanza kushuka kusini. Wengine walikwenda mbali zaidi, hadi Kigumba nchini Uganda, ambako Wamaragoli wapo mpaka leo.

Kusini mwa Nyanza kulikuwa na nafasi, na baadhi ya nafasi hiyo ilitokana na maafa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kando ya Ziwa Victoria yakaua watu wengi mno na kuwafukuza wengine. Katika bonde la Lambwe, mbung'o wanaoyaeneza waliendelea kuwazuia watu kwa miongo mingi baadaye. Kwa hiyo mgeni aliyeona kichaka na kusema ardhi hii haina mwenyewe alikuwa akikosea mara mbili: mwenyewe alikuwepo, na kichaka kilikuwa na sababu yake.

Wala walioshuka hawakuwa Wamaragoli peke yao. Wajaluo wa Gem, Alego, Seme na Asembo walivuka Ghuba ya Winam kwa mashua na kwa meli zilizokuwa zikitia nanga Kendu Bay na Homa Bay. Hao lugha ilikuwa ni moja na wenyeji, na mila zilifanana. Hata hivyo Mjaluo akihamia ardhi ya ukoo usio wake huitwa jadak, mtu aliyekaribishwa, na ugomvi wa mpaka ukizuka watoto wake hukumbushwa hilo bila kuonewa haya. Sasa fikiria mke wa jadak. Mumewe ni mgeni kwa wenye ardhi, naye ni mgeni kwa mumewe.

Kwa matatu za leo, kutoka Mbale ya Vihiga hadi Uriri ni safari ya nusu siku: unapita Kisumu, Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo na Awendo, basi umefika. Mama alipoletwa, mvua ikinyesha ilikuwa safari ya kulala njiani. Alikuta nyumba ya nyasi yenye chumba kimoja, baba yangu, ng'ombe wawili wa kukokota jembe, na kelele za fisi usiku. Majirani walimpokea vizuri. Walimwita nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli, kama wanavyomwita mke wa Gem nyar Gem, na wa Seme nyar Seme, hivyo kila aliyemsalimu kisimani alikuwa akipataja kwao. Kwa wengine jambo hilo ni heshima na faraja. Mama alisema miezi ya kwanza lilikuwa likimchoma, maana lilimkumbusha alipopaacha kabla hata hajateka maji.

Upweke wa binti wa namna hii hauponi kwa chakula wala kwa mume mwema. Baba alikuwa mume mwema. Kilichomkosesha mama usingizi ni kwamba maisha ya kwao yalikuwa yanaendelea bila yeye. Ndama walizaliwa asiwajue. Kwaya ya kanisa la Marafiki (Quakers) ilijifunza nyimbo mpya asizozijua, na mdogo wake alibadilisha sauti asiisikie. Huku naye anaamka kila alfajiri kung'oa visiki, na hakuna hata mmoja kule anayejua kisiki kipi kimemshinda leo.

Barua ndiyo iliyotia kiraka pengo hilo. Ilitoka posta ya Maragoli, ikashuka Kisumu, ikapanda tena hadi posta ya Suna-Migori, na kutoka hapo ikaingia kwenye sanduku la shule. Familia za wakulima zilikuwa hazina sanduku la posta. Anwani ilisoma jina la baba, kisha "kwa mkono wa Mwalimu Mkuu", kisha S.L.P. ya shule. Siku ya Ijumaa, gwaride la jioni likiisha, mwalimu alisimama na bahasha mkononi akiita majina ya wazazi, na mtoto aliyesikia la kwao alitoka mstarini mbio huku wenzake wakimwonea wivu. Njia ya pili ilikuwa ya mkononi: kondakta wa basi, mwalimu anayerudi kutoka likizo, mjumbe wa kanisa aliyekwenda mkutano wa mwaka. Barua ya mkononi haikuwa na stempu, na mara nyingi ilifika na harufu ya kitu kingine kilichosafiri nayo, samaki au ndizi mbivu.

Mwandishi wa barua za kwetu alikuwa mjomba, kitindamimba wa babu, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Babu alikaa kwenye kiti chake chini ya mparachichi, akatamka. Mjomba akaandika kwenye karatasi mbili zilizochomolewa katikati ya daftari pale penye pini, ili zitoke zimeungana. Nyanya alipita na kurudi kutoka jikoni akidakia. Lugha ilikuwa Kiragoli, lakini mwanzo ulikuwa lazima uwe wa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa shuleni kwamba barua huanza: salamu nyingi sana, mimi mzima kama chuma cha reli, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Baada ya hapo ndipo lugha ya nyumbani ilipoingia.

Nimekuwa nikifikiri kwamba barua zile zilifanana na za Mtume Paulo si kwa bahati. Watu wa kizazi cha babu walijifunza kusoma kwa Agano Jipya la Kiragoli kutoka kwa wamisheni wa Marafiki, waliofika Kaimosi mwaka 1902, na Biblia nzima ya lugha yao ilitoka 1951. Ya Kijaluo ilifuata 1953. Mtu asiyejua vitabu zaidi ya hivyo vya kanisa angejifunzia wapi namna ya kumwandikia aliye mbali? Kwa hiyo baba mkulima, asiyejua kalamu, alimtakia binti yake neema na amani, akamsihi kwa jina la Bwana, kisha akamweleza kwamba fahali mwekundu ameuzwa. Mwisho wake ulikuwa orodha ndefu ya wanaosalimu, kama zile za Warumi sura ya 16.

Orodha hiyo ndiyo sehemu mama aliyoingoja. Babu alitaja kila mtu wa bomani na wa maboma ya jirani, mmoja mmoja, na mama alitaka niyasome majina polepole. Alikuwa akichambua kunde au kufuma kikapu, na kila jina likitoka aliitikia kwa kichwa kana kwamba mwenyewe amepita mlangoni. Mimi mtoto niliona ni upuuzi. Siku moja nikaruka majina matatu ili niwahi mpira. Alinirudisha nianze upya, akiyajua yote matatu niliyoyaruka.

Kuna barua iliyokuja bila jina la shangazi yake mmoja, yule aliyekuwa ameolewa boma la pili. Mama aliniambia nisome tena. Halikuwepo. Akaweka kikapu chini, akakaa kimya, kisha akasema shangazi amefukuzwa au amekufa, kwa sababu baba yake hasahau watu. Baadaye ikajulikana kwamba shangazi aligombana na wenzake akarudi kwao. Babu hakutaka habari ya aibu isomwe na mtoto wa shule huku Uriri, naye hakutaka kusema uongo, basi akaliacha jina.

Hapo ndipo penye ufundi wa barua hizi, na ndipo wasiozifahamu wanapozidharau kwa kuona zimejaa salamu tupu. Barua iliyoandikwa na mtoto ikasomwa na mtoto ilipitia midomo mingi. Baba hawezi kumwuliza binti mbele ya masikio hayo kama mumewe anampiga. Mama hawezi kumwuliza kama mimba iliyotoka imemwacha salama. Basi maswali yalivaa nguo nyingine. Babu aliuliza kama paa la nyumba linavuja, na mama alijua anaulizwa kuhusu ndoa. Nyanya alituma kusema mkeka wake upo palepale, na haikuhitaji mwalimu kufafanua kwamba mlango wa kwao haujafungwa.

Mwenyewe nyanya hakujua kuandika, na nadhani hakuyaamini sana maneno yanayotamkwa na mwanamume. Alituma vitu. Ndani ya bahasha, kwenye kitambaa kilichokatwa kutoka pindo la leso yake na kufungwa fundo, zilikuwemo mbegu za mrenda. Ni mbegu ndogo mno, nyeusi, na nyingine zilikuwa zimepenya kwenye fundo zikajikusanya kwenye kona ya bahasha, hivyo nilipoifungua zilimwagika sakafuni juu ya samadi iliyokauka. Mama alipiga magoti akaziokota kwa ncha ya kidole aliyoilowesha kwa mate, moja baada ya nyingine, mpaka alipohakikisha hakuna iliyobaki kwenye nyufa. Alizisia nyuma ya jiko.

Mrenda ulikuwepo Uriri. Wajaluo wanaupika na kuuita apoth, na jirani yetu alikuwa nao tele, tena alikuwa akitugawia. Mama hakuacha kupanda ule wa nyanya. Kila msimu aliacha mashina mawili yakomae, akavuna mbegu, akafunga kitambaa kilekile. Mwaka fulani jua lilipounguza bustani, alimpelekea nyanya habari katika barua, na bahasha nyingine ikaja na fundo jingine.

Majibu ya mama yalikuwa kazi yangu pia, nilipojua kuandika vizuri. Aliwaambia yote ni mema. Hakuwaambia kwamba malaria ya huku ilimlaza mara nyingi kuliko ile ya kwao milimani, wala kwamba mwaka wa mvua ya mawe tulikula viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni. Nilimwuliza kwa nini tunadanganya. Akanijibu kwamba mtu aliye mbali ukimpa tatizo asiloweza kulibeba umemtesa bure. Lakini nyanya alikuwa na kipimo chake. Aliipima barua kwa urefu. Ikiwa ndefu alijua binti yake ana nafasi ya kukaa na kukumbuka. Ikiwa fupi alisema kuna jambo. Barua moja ya nusu ukurasa, iliyosema hatujambo sote, ilimleta mjomba hadi Uriri wiki iliyofuata akiwa na gunia la mahindi na kuku watatu miguu imefungwa. Alikuta mama amejifungua mtoto aliyefariki. Hakuna aliyemwandikia hilo.

Katika barua zote alizohifadhi mama, kuna moja tu aliyoiweka chini kabisa ya sanduku, na hakunitaka niisome mara ya pili. Humo babu, sijui kwa kushauriwa na nani, alimhubiria. Avumilie, mwanamke ni uvumilivu, ndoa ni hivyo, mama zake walivumilia. Nimeisoma tena nikiwa mtu mzima na sioni neno baya ndani yake. Ila naelewa kwa nini ilizikwa. Anayeambiwa avumilie anaambiwa pia kwamba wenzake wamemaliza kuzungumza naye kuhusu mambo yao. Barua zilizomtia nguvu mama ni zile zisizo na shauri hata moja: bei ya gorogoro ya mahindi sokoni Mbale, nani amechaguliwa mzee wa kanisa, ng'ombe wake aliyemwacha amezaa jike na wanamngoja yeye apendekeze jina. Alipendekeza. Ng'ombe huyo akaitwa jina lililotoka Uriri, na mama, aliyekuwa na visiki vyake vya kung'oa, akawa bado ana sauti katika zizi la baba yake.

Nisiseme kana kwamba hali hii ilikuwa ya Wamaragoli tu. Kwenye bonde la Lambwe, Homa Bay, walowezi waliingia baada ya vichaka kufyekwa ili kupunguza mbung'o, na jamaa zao waliokuwa ng'ambo ya ghuba walikuwa na hofu ya haki. Mbung'o wa bonde lile hawakwisha. Sehemu ya bonde ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na 1983 ikawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, ambako swala aina ya korongo wa mwisho wa Kenya wanaishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalilipuka tena miongoni mwa watu wa kando yake. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilikuwa na kambi yake Mbita, si mbali na hapo, na mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ilitundikwa vichakani. Mzazi wa Seme aliyesikia habari hizo redioni angeandika nini? Jirani yetu mmoja wa Ndhiwa alinisimulia kwamba mama yake, kwa miaka miwili, alimaliza kila barua kwa swali lilelile: unalala usiku, au unalala mchana? Mwenye malale huchanganyikiwa usingizi, husinzia mchana na kukesha usiku. Jibu la binti lilikuwa lazima liwe mstari wa kwanza wa barua yake, kabla ya salamu.

Mabinti wengine walipelekwa mbali zaidi, hadi Shirati na Rorya upande wa Tanzania. Zamani mpaka huo haukuwa kitu kwa mwandika barua. Posta ya Afrika Mashariki ilikuwa moja, na stempu iliyoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania ilifika Shirati sawa na ilivyofika Kisumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka mwezi Februari na haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 1983. Katika kipindi hicho watu wa Muhuru na Isebania hawakuacha kuvuka kwa njia za panya na kwa mitumbwi, na barua zilivuka nao mifukoni. Binti aliyeolewa Rorya mwaka 1976 alijikuta ghafla ughaibuni, ingawa hakuhama hata hatua moja.

Huzuni ya mabinti hao ilipata mwandishi mapema. Riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land, iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1966, inamfuata Nyapol, mke kijana anayehamishiwa Tanganyika na mumewe Ochola aliyevutiwa na habari za ardhi nono. Ogot, mwenyeji wa Asembo, alijua vizuri jinsi safari hizo zilivyopangwa bila wake kuulizwa. Wengi hukikumbuka kitabu hicho kwa sababu ya uchawi na ugonjwa wa Ochola. Mimi nakikumbuka kwa sababu ya Nyapol kuondoka bila kutaka, na kwa sababu mwandishi hakumcheka.

Babu alipofariki ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Telegramu ilifika, ikakaa. Hakukuwa na gwaride wala mtoto wa kuileta nyumbani. Mama alipoipata, baba yake alikuwa ameshazikwa. Maneno yalikuwa machache, maana telegramu ililipiwa kwa neno. Kwa siku kadhaa hakulia, alipalilia tu.

Kisha ikaja barua ya mjomba, kurasa nane. Sijapata kuona barua iliyojua kazi yake kama hiyo. Aliandika babu aliugua lini, alikataa chakula gani, alimtaja nani. Akaandika waliokuja, kwa vijiji vyao, na nyimbo zilizoimbwa kwa namba zake kitabuni ili mama aweze kuzifungua. Aliandika mvua ilinyesha saa ngapi, na kwamba jeneza lilipotoka mlangoni mbwa alilifuata. Ukurasa wa mwisho haukuwa na maneno. Ulikuwa na ramani ya boma, imechorwa kwa rula: nyumba, jiko, zizi, mparachichi, na mraba mdogo uliopakwa wino kati ya mparachichi na ua. Mama aliweka kidole juu ya mraba huo ndipo akalia. Jioni majirani wa Kijaluo walikuja kukaa naye, wakaomba niisome yote kwa Kiswahili, nikaisoma, na nilipofika kwenye nyimbo walizozijua kwa lugha yao wakaziimba. Mazishi ya babu yalikuwa na sehemu ya pili, na sehemu hiyo ilifanyika Uriri.

Sitamani siku hizo zirudi. Simu za mkononi zilipoanza kuenea baada ya mwaka 2000, hakuna aliyeshangilia kuliko mama. Leo anazungumza na mdogo wake wa Vihiga kabla ya chai, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 shida haingoji mjomba apande basi. Kama zingalikuwepo Agosti ile, angemzika baba yake. Asiyezijua huzuni za kuchelewa ndiye anayezisifu barua kupita kiasi.

Ila simu haiachi kitu. Binti za majirani zetu sasa wako Riyadh na Doha, na mama zao huwarekodia sauti kila usiku, habari nzuri ajabu, nyingine zikinikumbusha babu: nani ameoa, ng'ombe gani ameuzwa. Simu ikianguka kwenye ndoo ya maji, miaka mitatu ya sauti ya mama imepotea. Nimewaona wakilia kwa hilo kuliko kwa bei ya simu.

Karatasi hubaki, ikitunzwa. Huko Marekani, sheria ya 1862 iligawa ardhi ekari 160 kwa kila aliyekubali kuishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Mwanamke mmoja, Elinore Pruitt Stewart, alikwenda Wyoming mwaka 1909 akajisajilia ardhi, na barua alizomwandikia tajiri wake wa zamani huko Denver zilitolewa kitabu mwaka 1914. Wanahistoria wa nchi ile wanazisoma mpaka leo wakitaka kujua maisha ya walowezi yalikuwaje jikoni na kitandani. Sisi tuna barua za namna hiyo kwa magunia, za pande zote mbili, na zinaliwa na mchwa. Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo. Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Vyote viwili viko katikati ya maboma ninayoyazungumzia, vina wanafunzi wa historia na wa lugha wanaojua Kijaluo, Kiragoli, Kikuria na Ekegusii, na wanafunzi hao kila mwaka hutafuta mada za tasnifu. Mwanafunzi mmoja na simu yenye kamera nzuri anaweza kuokoa sanduku zima kwa wikendi moja.

Apige picha pande zote mbili za kila karatasi, na asiitupe bahasha, kwa sababu muhuri wa posta ndio unaotoa tarehe ambayo babu zetu walisahau kuiandika. Asizipige plastiki kama kitambulisho. Joto la kupiga plastiki huweza kuharibu wino. Aombe ruhusa kwanza kwa mwenye sanduku na akubali kukataliwa baadhi, maana humo mna siri za watu walio hai. Mama ametoa zake zote isipokuwa ile ya chini.

Na kabla ya karatasi, awatafute waandishi. Wale watoto wa shule waliokaa chini ya miparachichi wakiandika walichotamkiwa sasa ni wazee wenye wajukuu. Mjomba aliniambia juzi kwamba si kila alichosema babu alikiandika, na si kila alichoandika babu alikisema. Ramani, kwa mfano, ilikuwa shauri lake mwenyewe. Nimeanza kukaa naye na kinasa sauti, barua moja kwa wakati mmoja, na tumefikia mwaka wa mvua ya mawe.